Kisogo kwa Gramafoni

Nianze kwa kujisifu, maana mbele ya safari sitapata nafasi. Mwanzoni mwa miaka ya tisini hapakuwa na mtu Ifakara mwenye masikio kama yangu. Nilikuwa fundi baiskeli. Kibanda changu kilikuwa kando ya barabara ya sokoni, mahali ambapo kila mwenye gunia la mpunga kwenye keria alilazimika kupita, na baiskeli zilizoelemewa ndizo zilizonilisha. Mafundi wengine walinyoosha ringi kwa kuizungusha na kufinya jicho. Mimi nilizigusa spoku kwa ukucha, moja baada ya nyingine, nikasikia ipi imelegea na ipi imekazwa mno, nikaweka ufunguo palepale. Watu walisimama kunitazama. Nilijua wananitazama, na nilitia madoido.

Masikio hayohayo ndiyo yaliyonipeleka nyumbani kwa mwalimu. Alikuwa Mpogoro wa upande wa Mahenge, mwalimu mstaafu, mjane, mwenye nyumba ya matofali ya kuchoma kule Katindiuka na shamba la mpunga lililoanzia nyuma ya choo chake. Siku moja alileta baiskeli yake kibandani huku akipiga mluzi wimbo wa dansi wa zamani. Nikamwamkia, kisha nikamwambia, "Mwalimu, wimbo huo umeusikia kwenye santuri ya marudio. Kwenye chapa ya kwanza gitaa linaingia mapema zaidi." Aliacha baiskeli palepale, akarudi kwake kwa miguu kwenda kuhakikisha. Jioni alikuja kunialika Jumapili.

Tulikuwa watatu. Wa tatu alikuwa Msukuma mfugaji aliyekuwa amehamia kijiji cha Mbingu na ng'ombe wake miaka michache kabla. Watu walimtania kwamba alipohama alisahau sufuria, lakini sanduku la bati la santuri hakulisahau. Ng'ombe wake waliwahi kuingia kwenye mpunga wa mwalimu, na kesi yao ilikuwa kwa mtendaji wa kijiji miezi kadhaa, haina mbele wala nyuma. Siku za wiki walisalimiana kwa ubaridi. Jumapili, baada ya misa na chakula, Msukuma alifika na sanduku lake, mwalimu akampa kiti kizuri kuliko changu.

Gramafoni ilikuwa ya mwalimu, ya umeme, na spika zake mbili zilitengenezwa na seremala kwa mbao za mninga. Asiyejua atasema wimbo ni wimbo. Hapana. Nyimbo zetu nyingi zilirekodiwa Dar es Salaam, zikachapwa Nairobi, na zile zilizopendwa zilichapwa tena miaka mingi baadaye, wakati mwingine kutoka kwenye kanda iliyokwisha choka, wakati mwingine na fundi aliyependa besi kuliko mama yake mzazi. Marudio mengine yalikata kipande cha mwisho. Mengine yalikwenda kasi kidogo, mwimbaji akasikika kama amekimbizwa na nyuki. Sisi watatu tuliyajua hayo na tuligombana juu yake kwa raha zote.

Kumaliza ugomvi tulikuwa na utaratibu wetu, tukiuita kisogo. Mmoja anakaa kwenye kigoda akiuelekea ukuta, kisogo kwa gramafoni. Mwingine anaupiga wimbo mara mbili, mara moja kutoka chapa ya kwanza na mara moja kutoka marudio, kwa mpangilio autakao mwenyewe. Aliyekaa kisogo anasikiliza mpaka mwisho bila kugeuka wala kusema, halafu anatoa hukumu: ipi ni ipi, na ipi yenye uhai. Hakuna ruhusa kumkatiza. Mikwaruzo haihesabiwi. Kila mtu anaijua mikwaruzo ya santuri zake, kwa hiyo kuitambua santuri kwa mkwaruzo tuliuita wizi. Na hukumu ya kisogo haina rufaa.

Mimi sikuwahi kukosea. Sisemi nilikosea mara chache; nasema sikuwahi.

Nilikuwa na santuri moja niliyoipenda kuliko zote, ndogo, ya bendi iliyokuwa imeshavunjika. Katika ubeti wa pili, nyuma kabisa ya gitaa la solo, kuna mtu anagonga chupa. Hagongi kwa nguvu, na fundi wa kurekodi nadhani hakukusudia isikike. Niliigundua mimi. Mwalimu alihitaji Jumapili tatu kuisikia, na alipoisikia alisimama akanipa mkono kama mtu aliyepata mtoto. Msukuma aliisikia siku hiyohiyo, jambo lililoniudhi kidogo, nikamwambia ni mazoea ya kusikiliza kengele shingoni mwa ng'ombe.

Kisha nikaanza kukohoa.

Nilikohoa masika yote nikisema ni vumbi la pumba za mashineni, na mvua ilikuwa inanyesha. Mke wangu ndiye aliyeona damu kwenye leso. Alinipeleka hospitali bila kuniuliza, akanikabidhi na godoro. Kifua kikuu. Nikalazwa, na matibabu ya mwanzo yalikuwa vidonge pamoja na dawa ya kuchomwa kila siku kwa miezi miwili. Nisije nikaeleweka vibaya: dawa ile iliniokoa. Wawili walioingia wodini wiki yangu walitoka wamefunikwa shuka. Mimi nilitoka kwa miguu yangu.

Muuguzi wa zamu ya asubuhi alikuwa mama mtu mzima, mpole, na kabla ya kunichoma aliniuliza maswali yaleyale kila siku.

"Baba, masikio hayapigi kelele?"

"Hayapigi, sista."

"Kizunguzungu?"

"Hakuna."

"Useme, baba. Ukisikia lolote useme mapema, dawa hii tunaweza kuibadilisha."

Wiki nyingi nilimjibu kweli. Katika wiki ya sita mlio ulianza, mwembamba, wa juu, kama nyenje mmoja aliyejificha ndani ya ukuta. Niliusikia mapema kuliko ambavyo mtu mwingine yeyote angeusikia, maana nani mwingine angeweza? Usiku ule nilikusudia kusema. Asubuhi yake mzee wa kitanda cha jirani naye aliulizwa, akasema ndiyo, yanapiga kelele. Wakamsimamishia dawa ile, wakampa nyingine, na wakamwambia atabaki wodini wiki kadhaa zaidi wamtazame.

Na juzi yake Msukuma alikuwa amekuja kunitembelea na kibuyu cha maziwa.

"Mwangaluka, fundi," alinisalimu kwa Kisukuma, akakaa ukingoni mwa kitanda. "Usife kwanza. Binamu yangu ametoka Nairobi. Ameleta marudio ya ile santuri yako ya chupa. Mpya, bado iko ndani ya nailoni."

"Mmeisikiliza?"

"Tuisikilize bila wewe? Mwalimu amesema haifunguliwi. Jumapili ya kwanza ukitoka, ndiyo tunafungua."

Nilihesabu siku kwa vidole chini ya shuka. Muuguzi alipofika kitandani kwangu akiwa na trei yake na kuniuliza kama masikio hayapigi kelele, nilimtazama usoni nikasema, "Hayapigi, sista." Nikamjibu hivyo kesho yake. Nikamjibu hivyo kila siku mpaka siku miezi miwili ilipotimia, na nyenje wakawa kundi zima. Niliuza masikio yangu ili niwahi kusikiliza santuri. Nimejaribu miaka mingi kuisema habari hii kwa namna nyingine isiyonionyesha mpumbavu kiasi hicho, nimeshindwa.

Jumapili hiyo mke wangu alinisindikiza Katindiuka kwa miguu, maana nilipojaribu kupanda baiskeli uani niliangukia kwenye jiko lake la vitumbua. Nilisema ni udhaifu wa ugonjwa. Mwalimu alikuwa amefagia uwanja. Msukuma alivaa shati jipya. Walinikalisha kwenye kiti kizuri safari hii, mwalimu akaipasua nailoni kwa wembe, taratibu, akaishika santuri kwa kingo na kuipandisha kwenye sahani.

Niliwaona wakitabasamu. Niliisikia besi. Niliisikia sauti ya mwimbaji kana kwamba anaimba chumba cha pili na mlango umefungwa. Nilingoja ubeti wa pili nikiwa nimeinama mbele, na ubeti wa pili ukaja ukapita, na hapakuwa na chupa. Hapakuwa na matoazi. Gitaa la solo, lile ambalo zamani lilinisisimua mpaka nywele za mkono, lilikuwa linaburutwa kwenye matope.

"Imekufa," nilisema.

"Imekufa vipi?" Mwalimu alishangaa. "Mimi naona wameisafisha. Chupa ndiyo hiyo, tena karibu zaidi."

"Unaisikia kwa sababu unaijua, mwalimu. Masikio yako yanakuletea kumbukumbu. Haipo."

Msukuma alisogeza kichwa kwenye spika. "Fundi, mbona hata mimi…"

"Wewe unasikia kengele za ng'ombe."

Ningeweza kuomba chapa ya kwanza tulinganishe, lakini ilikuwa kwangu, chini ya godoro, na nilijigamba kwamba ninayo kichwani, sihitaji kuipiga. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mimi nilikosa chupa nikasingizia Nairobi nzima, nikatoa hotuba ndefu juu ya kanda zilizochoka na viwanda vya siku hizi, na wale watu wawili wenye masikio mazima wakaniamini mimi kuliko masikio yao. Hiyo ndiyo ilikuwa hadhi yangu. Msukuma aliirudisha santuri kwenye ganda lake, na nilimwona alivyoirudisha, bila kuipangusa.

Jumapili iliyofuata nilikwenda mapema nimebeba yangu. Mwalimu alikuwa bado shambani anafukuza ndege, akaniambia kwa mbali niingie tu. Niliiweka chapa ya kwanza kwenye sahani, nikafunga mlango, sijui kwa nini niliufunga kama sikuwa najua tayari. Nikaishusha sindano. Besi. Mwimbaji nyuma ya mlango. Matope. Nikaongeza sauti. Nikaongeza mpaka mwisho, nikapiga magoti, nikaegemeza shavu kwenye kitambaa cha spika. Ubeti wa pili ulinitikisa meno, na chupa haikuwapo.

Nikaitoa sindano, nikaipangusa, nikaweka ya akiba. Nikapiga santuri nyingine. Nikapiga nyingine. Zote zilikuwa zimekufa. Mwalimu alikuja mbio kutoka shambani, ameziba masikio kwa viganja vyake, mdomo wake unafunguka na kufungika. Alizima mwenyewe. Ndipo nikaelewa kwamba nyumba ilikuwa inanguruma mpaka shambani.

"Nilikuwa naijaribu sindano," nilisema.

Kabla hajajibu aliingia Msukuma, mchangamfu, na bakuli mikononi. Lilikuwa bakuli jeusi lenye kingo za mawimbimawimbi, limetiwa konzi mbili tatu za karanga za kuchemsha. Siku zile watu walikuwa wakizilainisha santuri mbovu kwenye maji ya moto na kuzikunja kuwa bakuli au vyungu vya maua. Nyumba nyingi zilikuwa nalo moja. Katikati, chini ya karanga, niliona karatasi ya rangi ya santuri, na jina la wimbo limekunjika.

"Umesema imekufa, fundi," alisema kwa furaha, akilisogeza kwangu. "Mama watoto akasema basi tusiitupe. Karibu karanga."

Nilikula. Mungu ndiye ajuaye nilivyozila zile karanga. Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema: ndugu yangu, santuri yako ilikuwa nzima, mimi ndiye nilikuwa mbovu. Mdomo ulikuwa umejaa, nikautafuta ujasiri nikaukosa, nikasema, "Zimeiva vizuri." Mwalimu alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Miezi iliyofuata nilihangaika kama kuku aliyeibiwa vifaranga. Nilitia mafuta ya nazi ya moto masikioni, nikaunguza ngozi. Nilivuka mto kwa pantoni kwenda kwa mganga aliyenipulizia moshi masikioni kwa mwanzi wa papai, na nikarudi nanuka kama samaki wa kukaushwa, sisikii lolote jipya. Nilikwenda misa ya asubuhi kila siku, mimi niliyekuwa nalalamikiwa kwa kuonekana kanisani Pasaka hadi Pasaka. Nilipiga magoti karibu na kinanda nikamwambia Mungu achukue jicho, achukue mguu, nina viwili viwili. Kibandani niligusa spoku kwa ukucha na spoku zilikaa kimya. Ringi nilizonyoosha zilirudi zinayumba. Mteja mmoja aliirusha baiskeli miguuni pangu akasema maneno mengi, nami nikamshukuru, kwa sababu nilidhani ananisalimu. Nikawa natembea nikiyumba kwa kile kizunguzungu, na watu wakasema fundi ameanza pombe. Nikaliacha neno hilo lienee. Mlevi hata akianguka barabarani bado anaitwa fundi, na hakuna anayemwonea huruma, na huruma ndiyo niliyoiogopa.

Mke wangu aliniita siku moja akiwa jikoni, kumbe aliniita mara tatu, mara nne, mafuta yanaungua na mtoto yuko karibu na moto. Akaja akanisimamia mbele, nikausoma mdomo wake wote. "Unanidharau? Kweli sikio la kufa halisikii dawa!" Alisema kama kila mtu anavyosema kwa mkaidi. Nikakaa chini palepale, nikalia mbele yake kwa mara ya kwanza tangu nimwoe. Nikamweleza yote: muuguzi, mzee wa kitanda cha jirani, Msukuma na nailoni yake. Hakunifokea. Alilia na yeye, kisha akachukua kanga akaniongoza hospitali.

Daktari aliandika kwenye karatasi kwa sababu nilichoka kumwambia arudie. Aliandika kwamba mishipa ya kusikia ikishakufa haioti tena. Aliandika kwamba kilichobaki kingeweza kuendelea kupungua kwa muda. Chini yake aliandika swali: Hukuulizwa? Nikaandika: Niliulizwa. Akaikunja karatasi, akanipa, nikaondoka nayo.

Mwenye akili angeacha kwenda Katindiuka. Mimi niliendelea. Siku sita za wiki nilikuwa mlevi asiyekunywa na fundi aliyeharibu, lakini Jumapili nilikuwa bado mtu wa kutoa hukumu, na nilijishikilia hapo kwa kucha. Nikageuka mwizi. Nilizijua santuri za mwalimu na za Msukuma, na mikwaruzo yake mikubwa niliweza kuihisi: mtikisiko mzito, mara moja kila mzunguko, ulionifikia kwa kupitia sakafu na miguu ya kigoda. Mtikisiko ukiwapo, ni chapa ya zamani. Usipokuwapo, ni marudio. Nyimbo zenyewe nilikuwa nazo kichwani zote, kila gitaa mahali pake. Nikapatia. Jumapili tano mfululizo nilipatia. Walipozungumza niliwatazama midomo, nikacheka wakicheka. Nilimwambia mwalimu kwamba nimekuwa mtu wa maneno machache kwa sababu ya kifua.

Jumapili ya sita ilikuwa ya mvua. Msukuma alikuwa amepata marudio ya wimbo ambao mwalimu aliucheza kwenye harusi yake, na mwalimu alitaka kujua kama ni halali kuyaweka pamoja na chapa yake ya kwanza, ambayo marehemu mkewe aliinunua. Hakulisema kwa mzaha. Alinishika bega, akanionyesha kigoda.

Nikakaa, nikauelekea ukuta. Wimbo wa kwanza ulikuja kupitia sakafu: mtikisiko, mtikisiko, mtikisiko. Chapa ya zamani, nikajua, nikapumua. Ukaisha. Nikangoja wabadilishe. Besi ikaanza tena chini ya miguu yangu, nyepesi, bila mkwaruzo. Marudio. Kazi yangu ilikuwa imekwisha, ningeweza kupumzika, nikafumba macho na kuuacha wimbo uende. Na ulikwenda vizuri! Sijui niseme nini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu niugue kuusikia muziki ukiwa mzima. Mwimbaji alitoka nyuma ya mlango akasimama mbele yangu. Gitaa la pili lilijibu, tarumbeta zikaingia kwa upole, na matoazi, matoazi yale niliyoyalilia kanisani, yalikuwa yananyunyiza juu ya kila kitu. Nilitikisa kichwa. Niliinua kidole pale gitaa la solo linapopanda, ili wajue nimelisikia. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, kwa sababu nilifikiri: Mungu amenisikia, yanarudi. Nilingoja mpaka tarumbeta ya mwisho ikafifia.

"Ya kwanza ni ya marehemu," nilisema bila kugeuka. "Hii ya pili ni marudio. Lakini mwalimu, naapa, hawa wameitendea haki. Matoazi yako wazi kuliko chapa ya kwanza. Yaweke pamoja. Yanastahili."

Nikageuka.

Sahani ilikuwa imesimama. Sindano ilikuwa juu ya santuri, karibu na ukingo wa nje, haijasogea hata upana wa kidole. Taa nyekundu ya gramafoni ilikuwa imezimika. Msukuma alikuwa amesimama katikati ya chumba mkono mmoja umeinuliwa, kama mtu aliyetaka kunigusa bega akazuiwa, na mwalimu ndiye aliyekuwa amemshika huo mkono. Wote wawili walikuwa wananitazama.

"Umekatika lini?" niliuliza.

Mwalimu alijibu. Sikupata neno. Aliniona sikupata, akasema tena, akaona tena. Alikwenda mezani akachukua daftari la mahesabu ya shamba na penseli, akaandika kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, akanigeuzia: Umeme umekatika mwanzoni, kabla mwimbaji hajaingia.

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Sikuwa na pa kuchutama. Nilichukua penseli nikaandika yote kwa mistari mitatu, na wa tatu ulikuwa wa Msukuma: Santuri yako ilikuwa nzima. Aliusoma polepole, kidole chini ya maneno, kisha akaketi na kujifunika uso kwa kofia yake. Mwalimu alikaa kwenye mkono wa kiti. Tukabaki hivyo watatu, na mvua nje, ambayo niliiona tu dirishani.

Kisha umeme ukarudi.

Nilijua kwa sababu sahani ilianza kuzunguka, na kwa sababu nyuso zao ziligeuka. Ziligeuka kwa pamoja, bila wao kutaka, kama mtu anavyogeuka akiitwa na ndugu. Wimbo ulikuwa unainuka kutoka pale ulipoangukia. Mwimbaji aliingia, nadhani, kwa sababu midomo ya mwalimu ilifunguka kidogo na macho yake yakaenda mbali, kwenye harusi yake. Msukuma alishusha kofia. Na mguu wa mwalimu, kwenye kiatu chake cha kanisani, ukaanza kupiga sakafu, taratibu, ukiufuata wimbo.

Nilikuwa nautazama. Akaniona nautazama. Akausimamisha, akauvuta chini ya kiti, akaweka mikono yote miwili juu ya goti ili usicheze tena.

Nilivaa kofia yangu nikatoka mvuani. Walinifuata mara nyingi baada ya hapo, mwalimu kwa baiskeli, Msukuma na maziwa yake, wakaniandikia kwenye daftari njoo, njoo tukae tu. Sikwenda tena. Si kwa ajili ya masikio. Nisingeweza kukaa katika chumba ambacho watu wazima wawili wanaishikilia miguu yao kwa ajili yangu.